Chaneli ya muvi za zamani za Korea pale YouTube: bure kabisa, ila nyota moja nimeibana

Wadau wa sizoni za Kikorea hii inawahusu. Kuna chaneli YouTube inaitwa Korean Classic Film, wenye nayo ni Korean Film Archive, kwa kifupi KOFA, taasisi ya umma ya kuhifadhi filamu iliyopo Seoul tangu mwaka 1974. Sasa hawa jamaa wamechukua muvi zao za zamani, nyingi wamezisafisha kwanza, halafu wakaziweka pale nzima nzima, sio trela, sio vipande vya dakika tano, ni muvi kuanzia jina mpaka mwisho, na hulipii hata senti tano. Zipo zaidi ya 100 na tafsiri ya Kiingereza inapita chini. Naipa nyota nne kati ya tano, ile moja niliyoibana nitasema huko chini.

Najua mtu aliyekulia na Jumong atauliza ya nini nihangaike na muvi nyeusi na nyeupe ya kina babu. Jibu langu ni kwamba Korea tunayoionaga sisi ni ya aina mbili tu, ya wafalme na mapanga, au ya watoto wa mabosi wenye magari makali wanaopenda mabinti maskini, hapo katikati nchi nzima imerukwa. Imerukwa Korea iliyotawaliwa na Mjapani toka 1910 mpaka 1945, ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe 1950 mpaka 1953, Seoul ikabaki vifusi, wakimbizi wakajenga mabanda ya mbao vilimani na wanajeshi waliorudi kutoka vitani wakakosa kazi. Hiyo Korea maskini ndo ipo kwenye hii chaneli, na walioipiga picha walikuwa wanaishi humohumo.

Nikikushauri uanze na moja, anza na The Housemaid ya mwaka 1960, kaitengeneza Kim Ki-young. Hapa kuwa makini unapotafuta, ipo nyingine ya 2010 yenye jina hilohilo, hiyo sio yenyewe, angalia mwaka kwenye mabano maana chaneli inaandika jina la Kikorea kwanza na mwaka wake halafu la Kiingereza. Stori ni mwalimu wa muziki anayefundisha kwaya ya mabinti wa kiwanda cha nguo, mkewe anapiga cherehani usiku na mchana ili wapate nyumba ya ghorofa kama wengine, wana binti anayetembelea magongo na mtoto wa kiume mtundu balaa (huyo dogo ni Ahn Sung-ki, alivyokua akaja kuwa mmoja wa mastelingi wakubwa kabisa wa Korea). Mama kachoka, wanaleta hausigeli. Hapo ndo nyumba inaingia balaa lenyewe. Jikoni kuna panya, kabatini kuna sumu ya panya, na kila mtu ndani ya nyumba anajua ilipo, kwa hiyo kuanzia katikati ya muvi kila glasi ya maji inayopandishwa juu wewe unaikodolea macho, nani kaijaza, nani anaibeba, nani atainywa. Na zile ngazi jamani. Karibu kila jambo baya linapitia kwenye ngazi. Juu kuna chumba cha piano na chumba cha hausigeli vimepakana, kamera inatoka nje kwenye baraza inachungulia dirisha hili, inatambaa mpaka dirisha la pili, na wewe unajiona kabisa kama jirani mmbea.

Bong Joon-ho, dairekta wa Parasite, ameshasema waziwazi kwamba Kim Ki-young anamkubali kuliko kawaida, na ukishaiona hii halafu ukairudia Parasite, ile iliyobeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2019 na Oscar nne mwaka 2020, utajua ngazi zake zimetokea wapi. Mwisho wa The Housemaid kuna kitu yule baba anafanya akiwa anaiangalia kamera, sisemi, nenda kaone, mimi nilibaki nacheka kwa hasira.

Kuna sehemu utaona picha inashuka ubora ghafla, sura za watu zinakuwa kama zimepakwa mafuta, usidhani ni bando lako. Negativu, yaani mkanda wa asili wa hii muvi, ilipopatikana mwaka 1982 ilikuwa na upungufu wa roli mbili za mkanda. Mwaka 1990 ikapatikana kopi nyingine ya zamani yenye hizo roli, tatizo ilikuwa imeandikwa Kiingereza kwa mkono juu ya picha yenyewe, maandishi makubwa yameziba watu. Basi mwaka 2008 KOFA na taasisi ya Martin Scorsese, yule dairekta wa Hollywood, wakakalia kazi ya kuyafuta kwa kompyuta na kujaza kilichokuwa nyuma yake. Ukijua hilo ile picha mbovu inakuwa tamu kuiangalia, unaanza kutafuta herufi zilikuwa zimekaa wapi.

Na hiyo bado ni muvi yenye bahati. Za enzi za Mjapani nyingi zimepotea moja kwa moja. Arirang ya mwaka 1926 ya Na Woon-gyu, ambayo ukimuuliza Mkorea yeyote anayejua historia ya sinema yao lazima aitaje, haipo, hakuna kopi, watu wanaisoma tu kwenye magazeti ya zamani. Vita ilichoma nyingi, nyingine zilifia stoo, na kuna ile stori ya kuuma ya mikanda iliyoisha kazi kuuzwa ikatwekatwe iwe utepe wa kuzungushia kofia za majani, yaani fundi kofia mmoja alikuwa na uwezo wa kumaliza historia ya sinema ya nchi kwa mkasi. Zilizopona kadhaa zimekutwa ugenini. Sweet Dream ya 1936, muvi ya sauti ya zamani kuliko zote zilizobaki Korea, ilikutwa kwenye hifadhi ya filamu ya China mwaka 2005. Ipo kwenye chaneli, ni fupi, haifiki hata saa nzima, inahusu mke aliyechoshwa na maisha ya ndani, anamwacha mume na binti anakwenda kuishi hotelini na hawara. Kama muvi ni ya kawaida tu nisiwadanganye, uigizaji umekakamaa. Mimi niliiangalia kwa ajili ya mitaa, maduka, teksi na nguo za Seoul ya mwaka 1936 maana hiyo huipati kwingine.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Aimless Bullet, 1961, ya Yu Hyun-mok. Hii usiangalie ukiwa na msongo wa mawazo. Jamaa anaitwa Cheol-ho, karani wa ofisi ya uhasibu, mshahara hautoshi kitu, anaumwa jino muvi nzima na haendi kung'oa kwa sababu hela ya jino ni hela ya chakula, mke ana mimba kubwa, mdogo wake mwanajeshi wa zamani hana kazi anawaza kuiba benki, dada yake anajiuza kwa wanajeshi wa Kimarekani, na ndani kuna mama yao mzazi kachanganyikiwa toka vitani, amelala kwenye godoro kila baada ya muda anapiga kelele "Twende! Twende!" Hiyo kelele inakatiza maongezi ya watu, inakatiza usingizi, mpaka na wewe mtazamaji unaanza kuisubiri. Familia yenyewe ni wakimbizi kutoka Kaskazini, wanaishi kilimani mtaa wa Haebangchon.

Muvi ikatoka mwezi Aprili 1961, mwezi uliofuata jeshi likapindua nchi tarehe 16 Mei, wakubwa wapya wakaipiga marufuku, wanasema inaonyesha nchi vibaya na halafu huyo bibi anaposema twende, anataka twende wapi, Kaskazini kwa wakomunisti? Nilisoma hiyo sababu nikarudia mara mbili. Kopi iliyopona ni ile iliyopelekwa kwenye tamasha la San Francisco mwaka 1963, bila hiyo safari huenda nayo ingeishia kwenye kofia. Ile ya mwisho ndani ya teksi, jamaa ameshang'oa meno, damu mdomoni, dereva anamuuliza wapi bosi, mara anataja nyumbani, mara hospitali, mara kituo cha polisi, na dereva na tanboi wake wanaangaliana tu. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Ukilia ni wewe mwenyewe.

Mwaka huohuo 1961 ikatoka A Coachman, kwa Kikorea Mabu, ya Kang Dae-jin, na hii ndo ningependa kila mtu wa Dar aione. Mzee mjane anaendesha mkokoteni wa farasi mjini Seoul, ana watoto wanne, wa kwanza anasomea sheria na mtihani umeshamgonga zaidi ya mara moja, binti mmoja ni bubu na huko alikoolewa anapigwa, mwingine anataka maisha ya kitajiri, mdogo kabisa ana vidole vyepesi. Na farasi sio wake! Ni wa bosi. Mwenye bodaboda au bajaji ya mkataba ameshaelewa hapa bila kuelezwa zaidi, lile jasho la kumpigia mtu hesabu kila siku huku chombo kinaweza kunyang'anywa muda wowote, na barabarani magari yameanza kuzidi mpaka farasi anaonekana kero. Kuna hausigeli wa makamo nyumbani kwa bosi anampenda mzee, wanapendana kimyakimya kwa aibu za watu wazima, pale wanapokwenda kuangalia sinema pamoja na mzee hajui akae vipi, Kim Seung-ho kaigiza pale kwa mabega tu, hasemi kitu na unajua kila kitu. Tamasha la filamu la Berlin waliipa tuzo ya Dubu wa Fedha mwaka huohuo wa 1961, ilikuwa mara ya kwanza Mkorea kurudi na tuzo ya namna hiyo kutoka kwenye matamasha makubwa ya Ulaya. Na mwisho wake, tofauti na ile ya jino, unaruhusiwa kutabasamu.

Kuna nyingine nazitaja haraka haraka. Madame Freedom ya 1956, mke wa profesa anaanza kazi kwenye duka la vitu vya kizungu, anagundua kumbi za dansi, mumewe huku anafundisha sarufi, ilizua kelele nchi nzima, na kuna onyesho la dansi inayoitwa mambo humo ndani ambalo kamera imesahau kabisa stori inaangalia kiuno cha mchezaji tu. Flower in Hell ya 1958 ya Shin Sang-ok, ya wezi na makahaba wa pembeni ya kambi ya Wamarekani, mpaka kwenye matope kule mwishoni inakaba. Huyo Shin Sang-ok na mwigizaji wake Choi Eun-hee, waliokuwa mume na mke, mwaka 1978 walitekwa na Korea Kaskazini kila mmoja kwa wakati wake, wakawa wanatengenezewa mazingira wapige muvi kule, mpaka wakatoroka wakiwa Vienna mwaka 1986. Hiyo sio sizoni, hayo ni maisha yao.

Ila kwenye The Widow ya 1955 lazima nisimame kidogo. Park Nam-ok, mwanamke wa kwanza Korea kuongoza muvi, aliipiga hii akiwa na mtoto mchanga mgongoni, hela alipewa na dada yake. Ukumbini ilikaa siku chache tu ikatolewa na yeye hakutengeneza nyingine. Kopi iliyobaki imekatika, kuelekea mwisho sauti inapotea, watu wanaendelea kuongea husikii kitu, halafu mkanda unaisha kabla ya stori kuisha. Nilidhani ntachukia. Nikajikuta nimekaa naangalia midomo ya watu wanaozozana kimya, naipangia maneno mwenyewe.

Miaka ya 60 mwishoni walikuwa wanatoa muvi zaidi ya 200 kwa mwaka, na humo takataka zipo nyingi tu, chaneli nayo haikuchujii. Sheria ya filamu ya 1962 ilibana kampuni ndogo zikafa, na kibali cha kuleta muvi za nje kikafungwa kwenye idadi ya muvi za nyumbani unazotoa, kwa hiyo hela iko kwenye Hollywood, na zile za Kikorea wenye kampuni wakawa wanalipua tu ili watimize hesabu. Ukikutana na muvi ya miaka ya 70 ya kupinga ukomunisti ambayo hata waigizaji wanaonekana wamechoka, sababu ndo hiyo. Lakini humohumo kwenye kubanwa ikatoka The March of Fools ya 1975 ya Ha Gil-jong, vijana wa chuo wanakunywa pombe, wanapenda, wanakimbizwa na polisi kwa sababu ya nywele ndefu, wakaguzi wa serikali walikata kama nusu saa nzima na bado iliyobaki inauma. Na Yeong-ja's Heydays ya mwaka huohuo, binti wa kijijini anakuja mjini, anakuwa hausigeli, halafu anakuwa konda wa basi, basi limejaza kupita kiasi, anadondoka anapoteza mkono. Wale mnaopanda daladala za jioni mtaielewa ile picha ya mlango.

Kitu kingine cha kuzoea ni sauti. Miaka hiyo sauti zilikuwa zinaingizwa baadaye studio na mara nyingi anayeongea sio unayemwona, kuna mabingwa wa sauti walikuwa wanawasemea mastelingi kibao, kwa hiyo midomo na maneno haviendi sawa sana. Dakika kumi unazoea.

Sasa ile nyota niliyoibana. Kiswahili hakipo, na sio kwamba namlaumu Mkorea kwa hilo. Kinachoniuma ni kwamba hawa watu wenyewe historia yao ilianza na kutafsiriwa! Enzi za muvi bubu kumbi za Seoul zilikuwa na mtu anaitwa byeonsa, anakaa pembeni ya skrini anasimulia, anaigiza sauti zote, ya mama, ya jambazi, ya mtoto, anaongeza na ya kwake, na walikuwa na majina makubwa, watu walikuwa wanachagua ukumbi kwa kuangalia byeonsa ni nani. Japani walikuwa nao pia, kule wanaitwa benshi. Hebu niambie hiyo ina tofauti gani na Lufufu kwenye kanda zetu za kibanda umiza, au DJ Afro kule Kenya, au ma-VJ wa Kampala? Mwaka 2007 ilipatikana Crossroads of Youth ya 1934, muvi bubu ya zamani kuliko zote waliyobaki nayo, KOFA kuanzia 2008 wakawa wanaionyesha na byeonsa wa kweli jukwaani na wapiga muziki pembeni, na watu wanajaa. Sisi byeonsa tunao mpaka leo wanauza fleshi stendi, lakini wanaishia kwenye mapigano na sizoni mpya.

Lawama ya pili ndogo, chaneli imekaa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua majina ya madairekta. Mgeni akiingia anaona msururu wa picha na herufi za Kikorea, hajui ashike ipi, anatoka. Na zile mpya za madairekta wa siku hizi kina Park Chan-wook usizitafute humu, ni za zamani tu, mwisho mwisho miaka ya 90.

Upande wa bando, hizi nyeusi na nyeupe kwenye simu 360p inatosha kabisa na muvi ya saa moja na nusu haili data ya kutisha, ila kuna mtandao mmoja wa simu siutaji una lile bando la usiku linalokatika kabla ya muda, usije ukaanzia nalo Aimless Bullet likakukatia kwenye teksi. Washa kitufe cha CC ndo Kiingereza kinatokea. Kama Kiingereza kinakupa shida angalia na mtu mnayeelewana, kwenye A Coachman nilimtafsiria mama yangu juujuu tu, baada ya nusu saa akaniambia ninyamaze ameshaelewa, na alikuwa anamtukana yule bosi kabla mimi sijamaliza kusoma.

Ya rangi ukitaka, Seopyeonje ya 1993 ya Im Kwon-taek, familia ya waimbaji wa pansori, nyimbo za jadi za kusimulia hadithi, wanaotembea kijiji kwa kijiji wakati muziki wa kizungu unawamaliza soko. Kuna pale baba, binti na kijana wanatokea mbali kabisa kwenye njia ya udongo kati ya kuta za mawe, wanaimba, wanasogea, wimbo unachangamka, wanaanza kucheza, na kamera haijakatwa wala haijahama kwa zaidi ya dakika tano, unawasubiri wao wakufikie. Ilikuwa muvi ya kwanza ya Kikorea kupita watazamaji milioni 1 ndani ya Seoul peke yake. Anachomfanyia baba yule binti ili sauti yake ipate uchungu sikisamehe mpaka leo, na muvi nayo haikulazimishi usamehe.

Kama kuna DJ anasoma hapa, ya kuanzia ni A Coachman. Ina farasi, ina ugomvi wa kifamilia, ina mapenzi ya wazee, ina bosi wa kuchukiwa na ina mtihani ambao ukumbi mzima utautaka ufaulu. Ila ongea na KOFA kwanza kuhusu haki, maana kuwekwa bure YouTube haina maana umepewa uuze.